Kununua seva si kazi, kazi ni kujua kuziendesha

Wenye hisa katika benki, kampuni za simu na kampuni za bima wamezoea kufungua taarifa ya hesabu za mwaka na kutazama kwanza faida, kisha gawio, kisha thamani ya mali. Katika fungu la mali wataona majengo, magari na samani, na siku hizi wataona pia kompyuta kubwa za kuhudumia wateja, yaani seva, zilizogharimu mamilioni. Kitu kimoja hawatakiona katika ukurasa wowote: kama ndani ya kampuni yumo mtu anayeweza kuzisimamisha tena seva hizo zikianguka saa nane usiku.

Kitu hicho kisichoonekana ndicho kinachostahili kuulizwa. Kampuni mbalimbali duniani zinatafakari kuondoa shughuli zao katika mitambo ya kukodi na kuziweka katika seva zao wenyewe, zikiendeshwa kwa utaratibu wa makontena. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara. Hata hivyo, seva hununuliwa kwa wiki chache, na ujuzi wa kuziendesha huchukua miezi mingi. Kampuni inayolipia la kwanza na kubania la pili inazifunga fedha za wenye hisa mahali zisipozaa.

BEI ILIYOWAAMSHA

Kwa muda mrefu kampuni kubwa zilitumia programu za VMware kuigawa seva moja iwe kama kompyuta nyingi, ambazo mafundi huziita mashine pepe. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ya Marekani ilikamilisha kuinunua VMware kwa takriban dola bilioni 69. Mwezi uliofuata ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu. Mteja atalipa ada kila kipindi, na ada hiyo itahesabiwa kwa idadi ya viini vya prosesa, yaani zile sehemu za ndani zinazofanya hesabu.

Kelele za wateja zilisikika mbali. Mwaka 2024 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilikwenda mahakamani kuipinga Broadcom, na katika mabishano hayo ikadai kuwa bei iliyopendekezwa kwake ilikuwa nyongeza ya asilimia 1,050. Pande hizo mbili baadaye zilipatana, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kuwafikia mameneja wengi: anayetegemea tabaka la mtu mwingine hupangiwa bei na mtu huyo.

Afrika Mashariki ina mzigo wa ziada, nao ni sarafu. Ada hizi hutozwa kwa dola. Chukua mfano wa kampuni ya Nairobi inayolipa ada ya dola 100,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2023, dola ilipokuwa karibu shilingi 124 za Kenya, ada hiyo ilikuwa shilingi milioni 12.4. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, ada ile ile ikawa milioni 16. Hakuna seva hata moja iliyoongezwa, na shilingi milioni 3.6 zimekwenda. Shilingi ya Kenya ilipata nguvu tena mwaka huo huo, lakini bili iliyolipwa Januari hairudishwi Juni. Tanzania nayo ilionja hali hiyo: dola ilitoka karibu shilingi 2,330 mwanzoni mwa 2023 ikapita 2,600 katikati ya 2024.

Aidha, Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu ikazorota. Huduma iliyo katika seva za ng'ambo ikawa ngumu kufikiwa na mteja aliye mtaa wa pili. Kwa hiyo meneja anayesema "turudishe mitambo nyumbani" hasemi upuuzi. Swali ni nani atakayeipokea ikifika.

KONTENA LA BANDARINI, KONTENA LA KOMPYUTA

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Mombasa hawahitaji kufundishwa faida ya kontena. Zamani shehena ilipakiwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku. Aprili 26, 1956, meli Ideal X ya Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na biashara ya bahari ikabadilika. Mzigo ukawa unafungwa mara moja, kisha unahama kutoka lori hadi meli hadi treni bila kufunguliwa.

Kompyuta ziliiga jambo hilo hilo. Programu hufungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, na furushi hilo linaweza kuwekwa katika seva yoyote likafanya kazi vilevile. Docker, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza utaratibu huu. Makontena yalipokuwa mamia, akahitajika wa kuyapanga. Mwaka 2014 Google ilitoa Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Kazi yake ni kuamua kontena lipi likae seva ipi, na lingine lianzishwe wapi pale moja linapokufa.

Kubernetes yenyewe ni bure, lakini ni kama injini isiyo na gari. Kampuni nyingi hununua jukwaa kamili, lenye usalama, ufuatiliaji na msaada wa mtengenezaji. Jukwaa mojawapo linalofahamika sana ni OpenShift la Red Hat, kampuni ambayo IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. SUSE nayo inalo Rancher.

KUMWONDOA DALALI

Majukwaa haya mara nyingi huwekwa juu ya mashine pepe. Hali hiyo ni kama nyumba yenye mwenye nyumba, mpangaji, na mpangaji wa mpangaji, ambapo kila ngazi ina kodi yake. Kuliweka jukwaa moja kwa moja juu ya seva tupu, bila tabaka la katikati, ni kumwondoa dalali. Ada moja inafutika, na nguvu yote ya seva inatumika kwa kazi yenyewe. Zaidi ya hayo, OpenShift inaweza kuendesha hata zile mashine pepe za zamani pamoja na makontena, hivyo kampuni haihitaji kubadili kila kitu kwa siku moja.

Lakini kila mfanyabiashara aliyewahi kumkwepa dalali anajua kwamba dalali alikuwa na kazi aliyoifanya. Alijua wenye mali, alijua njia, na alijua wa kuzungumza naye mambo yakikwama. Akiondoka, kazi hiyo haipotei. Inahamia kwa mwenye biashara.

Ndivyo ilivyo kwa seva tupu. Katika mitambo ya kukodi, fundi akitaka diski mpya hubonyeza mara moja na diski inapatikana. Akitaka mlango wa kuwagawia wateja seva mbalimbali, anapewa. Seva ikiharibika, mwenye mtambo anaibadilisha kimya kimya. Katika seva tupu hakuna wa kubonyezewa. Diski, swichi, nyaya, feni na umeme vyote ni vya kampuni, na kila kimoja kinamdai mtu anayekijua.

KINACHOJIFUNZWA

Ni vema mwekezaji apate picha ya kazi yenyewe, ili asidanganywe kwamba ni suala la kuingiza diski na kusubiri.

Kwa kawaida OpenShift huhitaji seva tatu za uongozi. Sababu ni kwamba seva hizo huamua kwa wingi wa kura. Zikiwa tatu, moja ikifa, mbili zilizobaki bado ni wengi na kazi inaendelea. Zikiwa mbili, moja ikifa, hakuna wingi tena na uongozi unasimama. Meneja wa fedha anayekata seva ya tatu "kupunguza gharama" amekata kinga yote. Juu ya hizo tatu huongezwa walau seva mbili za kazi, na wakati wa kusimamisha jukwaa inaweza kuhitajika mashine moja ya muda, inayoondolewa kazi ikiisha.

Kabla ya seva kuwashwa, majina yote lazima yawe yameandikwa sawasawa katika daftari la majina la mtandao, na milango ya kupokea wateja iwe imefunguliwa. Herufi moja ikikosewa, usimikaji unakwama bila kumwambia fundi kosa liko wapi. Saa za seva zote lazima zilingane, kwa kuwa vyeti vya usalama hukaguliwa kwa saa. Faili za kuanzishia huwa na vyeti vya awali vinavyokufa baada ya saa 24. Fundi aliyeziandaa Ijumaa akarudi Jumatatu ataanza upya, na asiyejua jambo hili atapoteza siku nzima akilaumu mtandao.

Diski nazo zina lao. Seva za uongozi hutunza kumbukumbu ya mambo yote katika hifadhi moja inayoandikwa kila wakati. Ikiwekwa katika diski za polepole, jukwaa litaonekana zima wakati wa majaribio, kisha litaanza kukwama wateja wakiongezeka. Benki inayookoa fedha kwenye diski hizo italipa mwisho wa mwezi, siku ya mishahara.

Na kujifunza huku hakuishi. Toleo jipya la OpenShift hutoka takriban kila baada ya miezi minne, na kila toleo lina muda wake wa kuungwa mkono. Anayekaa bila kupandisha toleo anabaki na mtambo usio na msaada. Anayepandisha bila kujaribu pembeni anahatarisha huduma ya wateja. Kwa hiyo kampuni inahitaji mahali pa kufanyia majaribio, tena mahali panaporuhusiwa kuharibika.

Habari njema ni kwamba darasa lenyewe si ghali. Jukwaa hilo linaweza kusimikwa katika seva moja tu yenye viini 8, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 120 ili kujifunzia. Lipo toleo la bure la jumuiya liitwalo OKD, na Red Hat hutoa muda wa majaribio wa siku 60. Seva chache zilizotumika na mafundi wawili waliopewa nafasi ya kuvunja na kujenga tena zinatosha kuanzia. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa na muda.

HESABU ZINAVYOFICHA

Kwa nini basi kampuni hununua seva kwa shangwe na kubania mafunzo? Sehemu ya jibu imo katika kanuni za hesabu.

Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa IAS 16, gharama ya seva huingia katika mali na kupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Ada ya mshauri wa nje anayeisimika inaweza kuingizwa humo humo. Gharama ya kuwafundisha wafanyakazi hairuhusiwi kuingia. IAS 38 nayo inaeleza kwamba mafunzo ni matumizi ya mwaka huo huo. Yanakatwa moja kwa moja katika faida.

Msomaji wa hesabu ataona matokeo yake. Meneja akimlipa mgeni aje asimike na kuondoka, mali ya kampuni inaongezeka kwenye karatasi. Akilipa kiasi hicho hicho kuwafundisha vijana wake watakaobaki, faida ya mwaka inashuka, na pengine marupurupu yake pia. Kanuni zenyewe zina mantiki, kwani kampuni haimiliki kichwa cha mfanyakazi na haiwezi kumzuia asiondoke. Lakini zinamsukuma meneja kuelekea upande mmoja, na mwenye hisa hana budi kuvuta upande wa pili.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, limeandikwa vizuri na limekaguliwa, lakini limeacha kitu kimoja ambacho mali hiyo yote inakitegemea.

MFANO WA MAREKANI

Kampuni ya 37signals, yenye programu ya Basecamp, hutajwa sana katika mjadala huu. Mwaka 2022 ililipa dola milioni 3.2 kwa mitambo ya kukodi. Ikaamua kuondoka, ikanunua seva za Dell kwa karibu dola 700,000, na mwaka 2024 mmoja wa wenye kampuni, David Heinemeier Hansson, akaeleza kwamba bili hiyo imeshuka hadi dola milioni 1.3 na seva zimekwisha kujilipa. Alisema pia kuwa timu ya mafundi haikuongezwa.

Wengi hunukuu takwimu hizo na kuishia hapo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kampuni hiyo tayari ilikuwa na watu waliozoea seva zao wenyewe kwa miaka mingi. Haikuchukua hata jukwaa kubwa la kulipia. Iliandika chombo chake chepesi, Kamal, cha kusambaza makontena. Akiba ile imetoka katika ujuzi uliokuwapo kabla ya seva kununuliwa. Kampuni isiyo na ujuzi huo ikinunua seva zile zile kwa bei ile ile haitapata matokeo yale yale.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema kuwafundisha mafundi ni kuwafundishia washindani, maana wakishaiva huondoka. Hofu hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, dawa yake si kuwaacha wasijue. Dawa ni kufundisha zaidi ya mmoja, kuandika kila hatua ya usimikaji katika faili zinazotunzwa na kampuni, na kumtaka fundi wa pili ajenge upya kwa kufuata maandishi ya wa kwanza. Akishindwa, maandishi hayajakamilika. Fundi akiondoka baada ya hapo, ataondoka na uzoefu wake, lakini ramani itabaki.

Wengine husema afadhali kumwachia mshauri wa nje kila kitu. Kwa kuanzia, mshauri anafaa. Lakini mshauri aliyesimika bila kufundisha ni dalali mpya mahali pa yule aliyeondolewa, na yeye pia hutoza kwa dola.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kampuni nyingi hazihitaji jambo hili kabisa. Duka la jumla, chama cha akiba na mikopo chenye programu mbili tatu, au kampuni ya usafirishaji yenye tovuti na mfumo wa tiketi, vyote vinaweza kuhudumiwa na seva chache za kukodi kwa gharama nafuu. Jukwaa la makontena lenye seva tano na mafundi wake ni mzigo kwa biashara ya ukubwa huo. Linamfaa mwenye programu nyingi, wateja wengi na bili kubwa inayokua kila mwaka. Hata huyo, badala ya kujenga chumba chake chenye jenereta na vipoza hewa, anaweza kukodi nafasi katika vituo vya data vilivyopo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, akaweka humo seva zake.

MASWALI YA MKUTANO MKUU

Mwenye hisa mdogo hana sauti kubwa, lakini katika mkutano mkuu wa mwaka ana haki ya kuuliza. Safari ijayo bodi itakapojisifu kwa uwekezaji katika mitambo ya kisasa, maswali manne yanatosha.

La kwanza: ni wafanyakazi wangapi wa kampuni wanaoweza kulisimamisha jukwaa lote kutoka seva tupu bila kumwita mtu wa nje? Jibu likiwa mmoja, kampuni iko katika hatari. Jibu likiwa hakuna, seva hizo zina mwenye nyingine.

La pili: lini mara ya mwisho nakala za akiba zilirejeshwa kwa majaribio, na ilichukua saa ngapi? Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala.

La tatu: je, kuna mtambo wa kujifunzia, uliotengwa na ule unaohudumia wateja? Kama haupo, basi mafundi wanajifunzia kwenye fedha za wateja.

La nne: ada za mwaka ziko katika sarafu gani, na zinahesabiwa kwa viini au kwa seva nzima? OpenShift, kwa mfano, inaweza kulipiwa kwa njia zote mbili, na kwa seva tupu zenye viini vingi tofauti yake si ndogo. Meneja asiyejua kampuni yake inalipa kwa njia ipi hajasoma mkataba.

Kampuni itakayojibu maswali haya bila kugugumia inastahili kuvumiliwa hata kama faida ya mwaka huu imepungua kidogo kwa sababu ya mafunzo. Ile itakayojibu kwa kutaja idadi ya seva na jina la mshauri aliyezisimika haijajibu. Mwenye hisa wa kampuni hiyo afanye hesabu zake mapema, kwani siku mtambo utakaposimama, wateja watahama kabla ya soko kufunguliwa na bei ya hisa itawafuata.